Tusiwaache wamalizane: mbwa wanaogombana ndani ya nyumba moja

Maneno ya daktari wa mifugo kwa wafugaji wa mbwa, siku ya chanjo ya kata, Arusha

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mlioshikilia kamba huko nyuma, habari za asubuhi.

Habari za kichaa cha mbwa mmeshazisikia kwa afisa mifugo wetu, na amezieleza vizuri. Mimi nimeomba dakika zangu nizitumie kwa jambo ambalo watu hulileta kliniki kwa aibu, wakizungumza kwa sauti ya chini: mbwa wa nyumba moja wanaochanana wenyewe kwa wenyewe. Wamekulia banda moja. Wengine ni ndugu wa tumbo moja, wengine ni mama na binti yake. Walikuwa wanacheza, wanalala wameegemeana. Halafu siku moja wanashikana, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Watoto hawatoki nje jioni, mama anapika huku sikio lake liko uani, mlinzi anatembea na rungu ndani ya uzio wake mwenyewe.

Nikiwauliza wenye mbwa walifanya nini mara ya kwanza, jibu karibu kila mara ni lile lile: "Daktari, tuliwaacha wamalizane. Tulijua wakishaelewana nani mbabe, watatulia."

Nawaomba sana, ndugu zangu, ushauri huo tuuache leo hii.

Mbwa wawili wakipigana hawamalizani. Kila pigano linawafundisha kitu. Aliyeshindwa anajifunza kuogopa, na mbwa mwenye hofu hasubiri tena. Safari ijayo anauma kwanza. Aliyeshinda anajifunza kwamba meno yana faida. Ndiyo maana pigano la kwanza lilitokana na mfupa, la pili likatokana na kupishana mlangoni, na la tatu mwenye mbwa anakuapia kwamba lilianza bila sababu yoyote. Sababu ipo. Wamefika mahali ambapo kuonana tu kunatosha. Na pale ambapo mmoja ana umbo dogo na mwenzake ni mkubwa, hakuna kumalizana, kuna kufa. Dakika moja inatosha.

Hili wazo la mbabe lina historia yake. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja, Rudolf Schenkel, alichapisha aliyoyaona kwa mbwa mwitu wa Ulaya waliokuwa wamefungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliona wakigombania nafasi ya juu, na dunia ikalichukua hilo kuwa ndiyo tabia yao. Mmarekani David Mech, aliyechangia kulieneza wazo hilo, alikwenda kuwachunguza porini, na mwaka 1999 akaandika wazi kwamba kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi, hawakupigania cheo. Kwa hiyo yale ya kumlaza mbwa chali ili ajue wewe ndiye bosi, au kumsaidia yule mbabe awatawale wenzake, yamejengwa juu ya wanyama waliobanwa kwenye ua mmoja. Na mbwa wetu wa nyumbani wala si mbwa mwitu.

Sasa kama si cheo, ni nini? Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wataalamu walichunguza jozi 38 za mbwa waliokuwa wakipigana ndani ya nyumba moja, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Vitu vilivyowasha moto mara nyingi vilikuwa chakula, mwenye mbwa kumshughulikia mmoja wao, msisimko wa ghafla, na kitu kilichookotwa. Hayo hayo ndiyo ninayoyaona hapa Arusha. Asilimia 79 ya jozi zile zilikuwa za jinsia moja, na mara nyingi aliyeanza alikuwa yule mdogo kwa umri, au aliyeletwa nyuma. Majike walikuwemo kwa wingi. Nalisema hili kwa sababu sisi tumezoea kusema mafahali wawili hawakai zizi moja, tukadhani tukifuga majike tumepona. Mapigano mabaya kuliko yote niliyowahi kuyashona yalikuwa ya majike.

Twende uani basi.

Ni saa moja jioni. Dada ametoka jikoni na sufuria moja kubwa: ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, na juu yake mifupa kutoka bucha. Anaiweka chini, mbwa watatu wanaingiza vichwa kwa pamoja. Siku moja simameni mbali kidogo mtazame. Mmoja anameza bila kutafuna. Mwingine anaacha kula ghafla. Hajainua kichwa, pua bado imo ndani ya sufuria, ila taya halisogei. Mwili umekakamaa kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mkia umesimama, hautikisiki. Jicho limegeukia pembeni mpaka weupe wake unaonekana. Mwenzake akielewa, anarudi nyuma hatua moja na yanaishia hapo. Asipoelewa, mdomo wa juu unapanda, mngurumo unatoka kifuani, na yanayofuata mnayajua. Kutoka kuganda mpaka kuuma ni sekunde moja au mbili. Wengi wetu tunaona kuuma tu. Kule kuganda hatujawahi kukuona, ingawa kumekuwa kukitokea kila jioni kwa miezi.

Na hapo tunaongeza kosa jingine: mbwa akinguruma, anapigwa fimbo. Mngurumo ni onyo, jamani. Anasema nimechoka, usinisogelee. Ukimpiga kila anaponguruma, hukumwondolea hasira, umemfundisha kunyamaza. Kesho atauma bila kutoa sauti, na unaweza kuwa mkono wa mtoto wako. Akinguruma, waite mbwa kwa sauti ya kawaida, watenganishe, kisha jiulize alikuwa analinda nini.

Dawa ya sufuria ni rahisi na haina gharama. Kila mbwa awe na chombo chake, hata beseni kuukuu linatosha. Lakini chombo chake peke yake hakitoshi kama vyombo vitatu vimepangwa mstari mmoja barazani. Wakae mahali ambapo hawaonani: mmoja bandani mlango umefungwa, mwingine nyuma ya nyumba, wa tatu stoo. Wakimaliza, vyombo vinaokotwa kwanza, ndipo milango inafunguliwa. Mfupa usitolewe kabisa mbwa wakiwa pamoja, na kipande kilichobaki kisiachwe kikizagaa, maana mbwa analala juu ya mfupa huo mpaka asubuhi akiulinda. Wakati huo huo niseme, mifupa ya kuku iliyopikwa msiwape hata wakiwa peke yao. Inapasuka vipande vyenye ncha, na vinatoboa utumbo.

Getini nataka nikae zaidi, kwa sababu ndipo mambo ya kwetu yalipo hasa. Mbwa wetu wengi wanafungiwa mchana kutwa kwenye banda ambalo hata kugeuka ni shida, halafu saa mbili usiku wanafunguliwa wote kwa mpigo. Wamejaa nguvu, wana haja ya kukojoa, wananusa uani yote kwa wakati mmoja. Hapo hapo gari linapiga honi, baba amerudi. Wote wanakimbilia geti moja. Wanataka kumfikia baba na hawawezi kumfikia kwa pamoja. Au ni mpita njia upande wa pili wa uzio, wanabweka, wanataka kumuuma yule, hawamfikii. Mbwa aliyepandwa na hasira kiasi hicho anamgeukia aliye karibu, na aliye karibu ni ndugu yake. Hana kisa naye. Lakini ndugu hajui hilo. Anachojua ni kwamba ameumwa.

Kuna mzee, mteja wangu, mwenye majike wawili, mama na binti. Walikuwa wanapigana karibu kila gari lake likiingia, na mama mtu alishashonwa sikio na mguu. Mzee aliwahi kufikiria kumpiga risasi mmoja. Tulichobadilisha ni kitu kimoja tu kwa kuanzia. Akifika barabara kuu anapiga simu nyumbani, na kijana anamwita yule binti bandani, anamrushia kipande cha ini, anafunga. Gari linaingia, geti linafungwa, mzee anashuka, anaingia ndani bila kumpapasa mbwa yeyote. Utulivu ukirudi ndipo binti anafunguliwa. Mapigano ya getini yaliisha. Hawajarudi kuwa marafiki wa kulala pamoja, na huenda wasirudi, lakini sijawahi kumshona tena yeyote kati yao.

Najua mtaniambia mbwa ni wa ulinzi, tukiwafungia nani atalinda. Ugawanyeni ua. Mmoja alinde mbele, mwingine nyuma, uzio wa wavu katikati. Au wafanye zamu, mmoja mpaka usiku wa manane, mwingine mpaka alfajiri. Wakifunguliwa, wafunguliwe mmoja mmoja, wa pili asubiri mpaka wa kwanza amalize haja zake na kutulia. Na mchana watoeni wakatembee, kila mmoja na kamba yake. Mbwa mwenye mguu uliochanika halindi kitu.

Umri nao tuutazame. Watu wananiambia, walikuwa wazuri, wamebadilika. Mbwa wengi wanaingia utu uzima wao wa tabia kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Yule mtoto aliyekuwa anamwachia mkubwa kila kitu anaanza kukataa. Kwa hiyo mnaofikiria kuchukua watoto wawili wa tumbo moja, wa jinsia moja, kwa sababu watakua pamoja na watapendana, fikirini tena. Chukueni dume na jike, na muwahasi, au chukueni mmoja, mwingine aje baadaye.

Kuhasi kunasaidia pale madume wanapogombania jike, na kunapunguza kuzurura. Jike aliye kwenye joto atengwe na wenzake muda wote huo, ambao ni kama wiki tatu hivi. Lakini asije mtu akatarajia kwamba kumtoa jike kizazi kutamaliza ugomvi wake na jike mwenzake. Hiyo si kazi ya kisu.

Mbwa mtu mzima, mpole miaka yote, akianza kuwavamia wenzake, mleteni apimwe kabla hamjamwita mkorofi. Maumivu yanabadilisha tabia. Sikio lililojaa usaha, jino lililooza, nyonga zilizochakaa, homa ya kupe inayomfanya auchukie hata mguso: mbwa wa namna hiyo akigongwa tu na mwenzake anayecheza, anauma. Tukitibu sikio, ugomvi unakwisha. Ila msimpe dawa zenu za maumivu. Diclofenac na ibuprofen mnazonunua dukani zinaweza kumuua mbwa, zinamtoboa tumbo na kuharibu figo.

Na kwa kuwa leo ni siku ya chanjo, hili lazima niliseme. Mbwa akianza ghafla kuuma wenzake, kuuma miti, kuuma mnyororo, sauti yake imebadilika, udenda unamtiririka, hawezi kumeza, huo si ugomvi wa nyumbani. Usimshike, usimfungue mdomo kutazama kama amekwama mfupa. Mfungie alipo na uite afisa mifugo. Mtu aliyeumwa na mbwa yeyote, hata huyo wake anayemwamini, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, afungiwe na atazamwe siku 10. Msimuue na kumtupa, maana mkimtupa mmetupa na jibu. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Tuseme sasa wameshashikana, mbele yako. Unafanya nini?

Mikono yako isiingie katikati. Kila mtu ninayemfahamu aliyeumwa vibaya kwenye ugomvi wa mbwa wake aliumwa akijaribu kushika shingo. Mbwa aliye katikati ya pigano hatazami ni mkono wa nani. Usipige kwa fimbo pia. Akisikia maumivu anadhani ni mwenzake amemzidi, anabana taya zaidi. Na msipige kelele nyumba nzima, kelele zinawachochea. Ndoo ya maji usoni ni nzuri, mpira wa maji ni mzuri zaidi. Blanketi zito au turubai likitupwa juu ya vichwa huwafanya wengi waachie. Ubao, bati, meza ya plastiki, chochote kipana unachoweza kukisukuma katikati yao ili wasionane. Ikishindikana kabisa, na mko watu wazima wawili, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, karibu na nyonga, aiinue na kurudi nyuma akizunguka taratibu, bila kusimama, maana ukisimama anageuka na kukufikia. Kama mmoja amebana na hajaachia, usivute, utaichana nyama. Watoto wote wawe wameshaingia ndani.

Wakiachana, kila mmoja anakwenda kwenye mlango wake na unafungwa. Hakuna kuwarudisha waonane wasameheane. Miili yao bado inachemka, na inaweza kuchukua siku moja, mbili, au zaidi kutulia. Kisha wakague kwa vidole, chini ya manyoya. Tundu la jino juu ya ngozi ni dogo kama mbegu ya papai, lakini ndani ngozi imeng'oka kwenye nyama, na uchafu umezibwa humo. Siku ya tatu shingo inavimba, inajaa usaha. Osheni kwa maji safi yenye chumvi kidogo na muwalete hata kama mnaona ni tundu tu.

Kuwarudisha pamoja ni kazi ya wiki, wakati mwingine miezi. Nawaeleza ninavyowafanyisha wateja wangu. Kwanza, mapigano yote yasimame kwa milango na uzio, kwa sababu kila pigano jipya linafuta kazi yote. Wakati huo kila mbwa anafundishwa peke yake mambo mawili: kuja akiitwa, na kwenda kulala kwenye gunia lake akiambiwa. Kisha watu wawili, kamba mbili, uwanja mpana au barabara tulivu. Anzeni mbali, mbali kiasi kwamba kila mmoja anamwona mwenzake na bado anaweza kula dagaa mkononi mwako. Asipokula, mko karibu mno, rudini nyuma. Kila anapomtazama mwenzake na kukugeukia wewe, mpe. Tembeeni sambamba, mkielekea upande mmoja, msiwakutanishe uso kwa uso. Umbali unapungua kidogo kidogo, kwa siku, si kwa dakika. Mnachokijenga ni kwamba mwenzake akitokea, kitu kizuri kinatokea. Wafundisheni pia kuvaa kile kikapu cha mdomoni, cha aina inayomruhusu kuhema na kunywa maji, mkianza kwa kumlishia ndani yake. Kisiwe cha kumfunga mdomo kwa kamba. Mbwa anapoza mwili kwa kuhema, na jua letu hili litamuua.

Jambo la mwisho ni zito, na nalisema kwa wale ambao wameshajaribu yote. Kuna jozi ambazo haziwezi kuishi pamoja. Wanatafutana wauane, hawaonyani tena, wanapigana hata bila chakula wala geti. Nyumba yenye watoto wadogo haitakiwi kuishi na hali hiyo. Kumtafutia mmoja nyumba nyingine, kwa mtu ambaye hana mbwa mwingine na ambaye umemweleza ukweli wote, ni kumtendea haki mnyama huyo. Kumpeleka porini au sokoni usiku na kumwacha huko ni ukatili, na ni kumwongeza mtaani mbwa asiye na chanjo. Kama hamjui mtu wa kumchukua, njooni tuzungumze. Nina wateja wanaotafuta mbwa mtu mzima wa kulinda shamba, na mbwa asiyewapenda wenzake mara nyingi ni mpole kabisa kwa binadamu.

Sasa tuanze chanjo. Wenye mbwa mmoja pangeni foleni hapa mbele, mkiachiana nafasi ya hatua tano. Wenye mbwa wawili ambao hawapatani, msipange foleni na wengine. Zungukeni nyuma ya ofisi ya kata, mmoja abaki na mtu kwenye kivuli, mwingine aletwe kwanza. Msaidizi wangu yuko pale na sindano tayari, na mimi nitakuwa naye kwa yeyote mwenye swali la nyumbani kwake.